Kiti cha Wawili Juu ya Msamala

Mtu mzima akipanda bembea, watu wanamwangalia kama kapungukiwa akili. Jambo hilo lilinikera tangu zamani na linanikera mpaka leo. Mtoto akipanda, wanampigia makofi. Mlevi akianguka mtaroni, wanamwokota na kumsindikiza kwake. Ila mwanamume mwenye ndevu zake akisema anataka kuzungushwa hewani na mashine, basi, kijiwe kizima kimepata cha kuzungumza wiki nzima. Ndiyo maana siku ile nilikwenda peke yangu, tena kwa kupita nyuma ya nyumba za watu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yaliyozoea kuuza rafu tupu yalianza kujaa sabuni za kila rangi, na mimi, mtu wa Singida, nilikuwa nimeingia Songea na robota la viatu vya mitumba, nikatandika turubai pale Mfaranyaki na kuanza maisha. Kila kitu kilikuwa kinakuja. Mwaka huo yakaja na mabembea. Tajiri mmoja wa Dar es Salaam aliyaleta juu ya malori, vyuma vitupu vimefungwa kamba, watu wakadhani ni mitambo ya kuchimba visima. Yalipofungwa kwenye kiwanja cha Msamala tukaona ni nini: bembea za minyororo, farasi wa mbao wanaozunguka, na katikati gurudumu kubwa lenye viti, refu kuliko nyumba yoyote ya mtaa ule.

Gurudumu hilo nililijua. Nilipokuwa mtoto, kwenye duka la kijijini kwetu kulikuwa na kalenda ya miaka iliyopita, muuza duka hakuitoa kwa sababu ya picha yake, na picha ilikuwa gurudumu kama lile, watu wako juu na nyuma yao anga. Nilikuwa nikitumwa chumvi naganda pale mpaka nafukuzwa. Kwa hiyo nilipoliona Msamala, roho yangu haikutulia tena. Muziki wa kipaza sauti ulikuwa unafika mpaka kwenye turubai langu, nampimia mteja kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

Lakini wiki hiyo ndiyo nilitakiwa nitulie kuliko wiki zote. Nilikuwa nimeposa.

Binti alikuwa wa Mjimwema, anashona sare za shule, alikuja kununua viatu akarudi kuvilalamikia, na katika kulalamika kwake tukazoeana. Kwao ni watu wa Songea wa siku nyingi, Wakatoliki, wenye jina lao pale kanisani. Baba yake alikuwa amefariki, kwa hiyo neno la posa lilikuwa kwa baba yake mdogo, mwanamume wa kofia ya pama na maneno machache, ambaye hakunipenda toka mwanzo. Hakuficha. Alisema mtu wa kuja hana mahali pa kumfuata akiharibu. Mshenga wangu, mzee mmoja wa kwetu Singida aliyestaafu kazi hospitalini, alikwenda na kurudi mara nyingi mpaka viatu nilivyompa vikalika visigino. Mwishowe akaambiwa jibu litatolewa Jumapili.

"Mpaka Jumapili," mshenga akaniambia, "usicheke ovyo, usionekane onekane, na ukimwona mama mkwe wako, potea."

Hilo la kupotea nilikuwa nalifanya vizuri mno. Kwa watu wale, na hata kwetu, mkwe na mama mkwe hawakai mahali pamoja. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani. Mkikutana njiani, mwanamume anaingia majanini, anageuka mpaka mama apite. Ikibidi kusema kitu, kila mmoja anakisema kwa mwingine aliyepo, na asipokuwepo mtu, basi kwa kuku, kwa mlango, kwa chochote kilichopo. Mimi kwa kuogopa kukosea nilizidisha. Nikiona khanga yoyote inakuja kutoka upande wa Mjimwema, tayari nimo majanini. Nilikuwa namheshimu mama yule kiasi kwamba uso wake sikuwahi kuuona.

Siku ya Ijumaa nilishindwa. Nilifunga turubai mchana, nikavaa koti langu refu la kijivu, maana baridi ya Juni ya Songea haina mchezo, nikakata tiketi kama mwizi.

Nilianza na farasi wa mbao. Nilipanda pamoja na watoto, magoti yangu yanagusa kidevu, na mzazi mmoja akaniuliza kama nimemsindikiza mwanangu. Nikamjibu mwanangu hajazaliwa. Nikahamia kwenye bembea za minyororo, na hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile sikukosea kuitamani. Mashine ilipokolea, miguu ikaacha ardhi, minyororo ikatanuka, koti likajaa upepo, na kiwanja kizima kikawa mistari ya rangi. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Hakuna aliyenisikia kwa sababu ya muziki, na hata kama yupo, sikujali. Nilishuka, nikarudi kwenye foleni, nikapanda tena. Nilikuwa na furaha ambayo haikuhitaji mtu wa kuisimulia.

Gurudumu nililiweka mwisho, kama mtoto anavyoacha nyama mwishoni.

Msimamizi wake alikuwa mwanamume wa pwani mwenye kipaza sauti na kitambaa shingoni. "Wawili wawili," alikuwa anaimba. "Kiti hakipandi mtu mmoja, kinalala upande. Aliye peke yake asimame hapa nimpatie mwenzake." Nikasimama pale. Upande wa pili alikuwa amesimama mama mmoja, khanga imefunika kichwa mpaka kwenye nyusi, mkononi ana furushi la gazeti. Msimamizi akatusukuma ndani ya kiti kimoja, akatufungia chuma mapajani, akaenda kwa wengine.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba," akajibu, anatazama mbele.

Gurudumu likaanza. Tulipoinuka mara ya kwanza, matumbo yakabaki chini, mama akaguta kidogo na kunikamata mkono. Alinikamata hasa, kucha zikaingia. Tukavuka kileleni tukateremka, naye akacheka. Nimesikia vicheko vingi, lakini kile kilikuwa cha kukatika katika, kama mtu anayepanda ngazi anapumzika, kisha kinaanza upya kutoka juu zaidi. Kiliniambukiza. Tukazunguka tunacheka kama wehu, watu wazima wawili wasiojuana.

"Nyumbani nimesema naenda sokoni kununua dagaa," akasema tulipopata pumzi, akaonyesha furushi. "Muziki wao nimeusikia wiki nzima. Nikasema, nitakufa sijapanda? Ukinifahamu, baba, usinitangaze."

"Sikufahamu, mama. Na mimi nimejificha."

"Unamkimbia nani?"

Laiti ningenyamaza. Lakini furaha inalegeza ulimi kuliko pombe. Nikamwambia nimeposa, nangoja jibu Jumapili, na baba mdogo wa binti hanipendi. "Huyo namwelewa," nikasema, "ninayemwogopa ni mama mkwe. Sijamwona uso, lakini nasikia ni mkali, tena ana mdomo. Wanasema hata mapadri wanamkwepa."

"Wanasema nani?"

"Watu wa sokoni."

Hakujibu. Nilidhani ameanza kuogopa urefu, maana ndiyo kwanza tulikuwa tunafika kileleni tena. Ndipo jenereta ikakohoa mara moja, ikakohoa tena, ikazimika. Muziki ukakatika. Gurudumu likasimama, sisi tukiwa juu kabisa, kiti kinayumba.

Ukimya wa pale juu sijawahi kuusahau. Upepo unatoka milima ya Matogoro unapita kwenye vyuma, na chini watu wamekuwa vichwa tu. Mama alikuwa amefumba macho. Nilimwonea huruma, nikataka kumpumbaza asifikirie kuanguka.

"Fumbua macho, mama, tazama mji. Mjimwema ule pale. Unaona nyumba yenye bati jipya, na mparachichi mkubwa uani? Ndiyo kwao huyo binti."

Alifumbua macho, akatazama nilipokuwa nimenyoosha kidole. Akatazama muda. Kisha akautoa mkono wake kwenye mkono wangu, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Ule mparachichi," akasema, "niliupanda mimi."

Sikuelewa mara moja. Masikio yalielewa kwanza, halafu mgongo ukaingiwa na baridi, halafu ndiyo akili ikafika. Nilikuwa nimekaa kiti kimoja na mama mkwe. Paja kwa paja, chuma kimoja mapajani. Nimemshika mkono, nimecheka naye mdomo wazi, na nimemwambia usoni kwamba ana mdomo. Pa kukimbilia hapakuwepo, labda niruke. Sitanii, niliangalia chini nikapima.

Yeye aligeuka akanipa mgongo, kadiri chuma kilivyomruhusu. Na mimi nikageuka nikampa wangu. Kiti kikayumba kwa ule mgeuko, akashtuka, akalibana furushi kifuani kwa nguvu zote. Gazeti likapasuka. Dagaa wote wa Nyasa, wakavu, wakamwagika kupitia mapengo ya kiti kwenda chini.

Vicheko vikapanda kutoka kiwanjani. Nikachungulia. Watu walikuwa wanajifuta mabega, wengine wanaokota. Katikati yao mwanamume mmoja, kama aliyekuwa anapita njia tu, alikuwa ameshika baiskeli kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anakung'uta kofia yake ya pama. Akainua uso kutafuta dagaa wametoka wapi. Alikuwa baba mdogo.

Mama naye alikuwa amemwona. Nilijua kwa sababu pumzi yake ilikatika. Jumapili iliyotangulia, binti alikuwa amenihadithia, mzee huyo alisimama kwenye jumuiya yao akasema mabembea ni anasa, na mama wa Kikristo atakayeonekana pale ajiulize anafuata nini. Mjane wa kaka yake alikuwa ameitikia kama wengine. Sasa yuko juu ya mabembea hayo, bega kwa bega na kijana anayemposa bintiye.

Kisha nikasikia nyuma ya mgongo wangu sauti ndogo, kavu.

"We chuma," mama akasema, "mwambie huyo aliyekaa hapo, kama ana adabu, atoe koti."

Nikakohoa. "We chuma, mwambie mama koti hili hapa."

Nilivua huku nimetazama Matogoro, nikalipitisha nyuma bila kugeuka. Likanyakuliwa mkononi mwangu. Nilihisi anajifunika kichwa chote, kola mpaka puani, na baridi ikaniingia kwenye shati.

"We chuma, mwambie hajaniona."

"We chuma, mwambie mama nimepofuka tangu asubuhi."

Sijui nilipata wapi ujeuri wa kutania. Hakucheka. Chini, msimamizi alikuwa ametangaza kwamba jenereta haiwaki na watu watashushwa kwa mikono. Vijana wakakamata vyuma, wakawa wanavuta gurudumu kiti kwa kiti. Kila kiti kikifika chini, watu wawili wanatoka, na gurudumu linapoteza uzito upande mmoja, linataka kurudi kwa nguvu, vijana wanapiga kelele na kulizuia kwa mabega. Kila mara tulipojongea, tulijongea kwa kushtukiza, na nilimsikia mama anasali kwa haraka. Nilikuwa naogopa kuanguka, na nilikuwa naogopa kufika. Baba mdogo hakuondoka. Alilaza baiskeli, akasimama karibu na ngazi ya kushukia, anakagua kila kiti kinachoteremka, anamtafuta mwenye dagaa.

Tukabakiza kiti kimoja. Nikamwona anatuona. Alinitambua mimi, macho yakasimama. Kisha yakahamia kwa mtu aliyekaa kando yangu, amefunikwa koti la kiume mpaka machoni.

Kiti hakijatulia vizuri, msimamizi amefungua tu chuma, mama akaruka. Sikutegemea mama wa umri ule aruke vile. Akapita upande wa jenereta, akaingia katikati ya akina mama waliokuwa wanaokota dagaa. Baba mdogo akapiga hatua kumfuata. Nami nikasimama mbele yake, nikainama.

"Shikamoo, baba."

Hapo sina budi kumshukuru aliyetuwekea adabu hizi. Mtu mzima wa Songea akisalimiwa hawezi kupita. Alitazama juu ya bega langu, taya linacheza, lakini akaitikia marahaba. Nikamuuliza za nyumbani. Akasema njema. Nikamuuliza za shamba, za mahindi, za baiskeli yake. Akajibu zote, moja baada ya nyingine, anazidi kuvimba, na nilipomaliza salamu koti la kijivu lilikuwa halionekani tena.

"Dagaa ni wangu, baba, naomba radhi," nikasema.

"Sijauliza dagaa. Yule mwanamke ni nani?"

"Tumepangwa tu kiti kimoja. Kiti hakipandi mtu peke yake."

"Na koti, umepangiwa pia?"

Akaokota baiskeli yake akaondoka anaisukuma, na dagaa mmoja bado amenasa kwenye ukingo wa kofia.

Jumamosi asubuhi mshenga alifika kwenye turubai kabla sijatandika viatu. Alikuwa amekwisha sikia. Katika Songea ya siku zile habari haikuhitaji simu. Alinishambulia kwanza kwa Kinyaturu chetu, halafu kwa Kiswahili ili na majirani wafaidi. Alipochoka akaketi juu ya marobota.

"Nipe jina la huyo mwanamke," akasema. "Kama ni dada yako, kama ni mteja, nitakwenda kukusafisha leo hii."

"Siwezi, mzee."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote."

Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa haina pa kwenda. Neno moja tu lingeniokoa, na neno hilo ndilo lingeniua. Nikisema nilikuwa na mama, nitakuwa nimetangaza kwamba nimekaa kiti kimoja na mama mkwe wangu. Nitakuwa nimempa shemeji yake fimbo ya kumpigia maisha yake yote. Na nani atampa binti mtu aliyemwaibisha mama yake kwanza? Nikinyamaza, mimi ni mhuni wa mabembea. Nililiangalia jambo lile kila upande, sikuona mlango.

Mchana binti akaja mwenyewe. Hakusalimia. Alichukua kiatu kimoja, akawa anakigeuza geuza kana kwamba ananunua.

"Ni kweli ulipanda?"

"Ni kweli."

"Na mwanamke ulimvika koti ni kweli?"

Mama yake alikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi wangu. Nilimeza. "Subiri kesho," nikasema.

"Kesho kuna nini cha kusubiri?" Aliweka kiatu juu ya rundo ambalo si lake, akaenda. Nilikaa nikikitazama kiatu kile, sikuwa na nguvu hata ya kukirudisha kwa mwenzake. Nilimpenda binti yule, na nilijua ninampoteza kwa kumlindia mama yake.

Jumapili baada ya misa ujumbe ukaja: mposaji aje mwenyewe. Kwa kawaida mposaji haitwi, kazi ni ya mshenga. Ukiitwa, unakwenda kusomewa makosa.

Sebuleni walikuwa wamekaa wanaume wa ukoo, baba mdogo katikati, kofia ya pama gotini. Mimi nilipewa kigoda karibu na mlango wa nje. Mlango wa kwenda vyumbani ulikuwa na pazia la maua, na nyuma ya pazia walikuwepo wanawake. Nilijua kwa minong'ono na kwa harufu ya maharage. Mama mkwe alikuwa huko, na binti alikuwa huko. Nikatazama sakafu.

Baba mdogo hakuzunguka. Alisema wao si watu wa kunyima binti kwa ukabila, watoto wao wameolewa mpaka Mwanza. Lakini kijana huyu, ambaye anangoja jibu Jumapili, Ijumaa ameonekana mabembeani na mwanamke, amemfunika koti lake ili asitambulike, na mwanamke alipoona wakubwa akakimbia. "Nimemwona kwa macho yangu. Sikuambiwa." Akanigeukia. "Nakuuliza mbele ya mshenga wako. Mwanamke yule ni nani?"

Mshenga alinitazama kwa kusihi. Wanaume wote walinitazama. Minong'ono nyuma ya pazia ilikuwa imekoma.

"Baba," nikasema, "nilipanda. Nilikuwa nimekwenda peke yangu. Zaidi ya hapo sina la kusema."

"Jina."

"Sina jina la kutoa."

"Basi na sisi hatuna binti wa kutoa," akasema, akavaa kofia yake.

Mshenga akaichukua fimbo yake. Nami nikasimama. Nakumbuka niliona mbegu ya parachichi chini ya kiti cha mtu, nikawaza kwamba hiyo ndiyo kumbukumbu nitakayoondoka nayo.

"Shemeji," sauti ikasema nyuma ya pazia. "Ijumaa usiku ulikuja kula hapa."

Baba mdogo akageuka. "Nilikuja."

"Ukauliza dagaa wako wapi, maana uliambiwa nimeifuata sokoni hiyo mboga yako. Nikakupa majani ya maboga."

"Ndiyo, lakini hayo..."

"Dagaa wako nilikumwagia kwenye kofia."

Mzee mmoja aliyekuwa anasinzia kwenye kona alifumbua jicho. Nyuma ya pazia mwanamke mmoja alisema "mama yangu" kwa sauti ya chini, na nadhani alikuwa binti.

"Mwanamke huyo ni mimi," mama akaendelea. Sauti ilikuwa ile ile kavu ya juu kule, lakini haikutetemeka. "Tulipangwa kiti na yule anayegawa viti. Yeye hakunijua, mimi sikumjua, tumekuwa tukikwepana mno hata hatujuani. Tulipojuana alinipa mgongo mpaka tukafika chini. Akavua koti lake kwenye baridi. Na tangu Ijumaa mmemkaba koo, jina langu hajalitoa. Kama kuna kosa la kukaa na mkwe, nitozeni faini ya kuku, na yeye mtozeni kuku, liishe. Lakini uhuni msimvike."

Baba mdogo alikuwa amevua tena kofia, anaigeuza mikononi, pengine anatafuta dagaa. Uso wake ulikuwa umeiva. Neno lake likatoka kwa uchungu wa kweli, si kwa ukali.

"Mke wa kaka yangu. Ulikwenda kutafuta nini kule juu?"

Nilisikia mama anavuta pumzi.

"Nilikwenda kubembea, shemeji," akasema. "Nilifurahi."

Wanaume wale wote, na midomo yao ya kujua kila kitu, hawakuwa na swali la kufuata hilo. Yule mzee wa kona ndiye aliyesema mwisho. Alisema kuku wawili wanatosha, na kwamba ukoo utafakari: kama kuna kijana mwingine pale Songea anayeweza kufunga mdomo namna hiyo, yeye hamjui. Wenzake wakaguna kukubali. Baba mdogo akamwambia mshenga aketi, mazungumzo hayajaisha.

Pazia likasogea. Shangazi wa binti akatoka na koti langu la kijivu limekunjwa vizuri, vifungo vyote vimefungwa, akaniwekea magotini. Lilikuwa linanuka dagaa kola nzima. Nililivaa hivyo hivyo.

Nilitaka kumshukuru mama, na sikuweza kumsemesha. Nikaiinua kola mpaka mdomoni.

"We koti," nikasema, "mwambie mama asante. Na mwambie watu wa sokoni ni waongo."

Nyuma ya pazia kikaanza kile kicheko, cha kukatika katika, kinapumzika, kinaanza tena kutoka juu zaidi.